Injini ya Hewa Moto ya Makopo: Tafuta Panapovuja Kabla ya Kuongeza Moto

Injini ndogo ya hewa moto ikigoma kuzunguka, wengi hukimbilia kuongeza moto. Unawekwa mshumaa wa pili, kisha koroboi, kisha mkaa, mpaka kitako cha kopo kinaiva na puto linapasuka. Injini ya ukubwa tunaouzungumzia hapa hutosheka na mshumaa mmoja mnene au taa ndogo ya spiriti. Ikigoma kwa moto huo, karibu kila mara inavuja hewa au ina msuguano, na hakuna moto unaoziba tundu wala kunyoosha krenki (mhimili wenye makunjo) iliyopinda.

Ndani ya kopo kuna hewa ileile muda wote. Haiingii nyingine, na hakuna moshi wa kutoka. Kitu chepesi tutakachokiita kihamishi hupanda na kushuka bila kugusa kuta. Kikipanda, hewa husukumwa chini kwenye kitako cha moto, inatanuka na kuinua kiwambo cha mpira, yaani puto lililotandikwa juu ya kopo dogo. Kikishuka, hewa hukimbilia juu penye maji baridi, inanywea, na hewa ya nje inakirudisha kiwambo ndani. Kihamishi chenyewe hakifanyi kazi ya nguvu, kinahamisha hewa tu. Nguvu inatoka kwenye kiwambo. Asiyelishika hilo atabana kihamishi kwenye kuta akidhani ni pistoni, na injini haitazunguka kamwe.

Robert Stirling, mchungaji wa Uskoti, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya injini ya namna hii mwaka 1816. Sehemu aliyoithamini sana katika hataza ile haikuwa pistoni, ilikuwa njia ya kuokoa joto: hewa ikitoka upande wa moto inaacha joto lake njiani, na ikirudi inaliokota. Ndiyo maana napendekeza kihamishi cha stilwaya ya kusugulia sufuria badala ya kopo tupu la soda. Nyuzi zake hufanya kazi hiyo bila gharama ya ziada.

Vifaa vyote hupatikana mjini Mwanza bila kuagiza chochote. Kopo kuu ni la nyanya la gramu 400, kipenyo milimita 73, urefu 110. Chagua lisilo na mbonyeo hata mmoja. Kopo dogo la nyanya la gramu 70 ni la kiwambo. Kopo la maziwa ya unga, kipenyo karibu milimita 100, ni la maji ya kupoozea. Ongeza spoki tatu za baiskeli za milimita 2, antena ya redio mbovu, kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, CD tatu, puto kubwa au glavu ya mpira, stilwaya isiyo na sabuni, na tyubu ya silikoni ya gasketi wanayotumia mafundi gari. Kwa kulehemu kidogo, fundi bati yeyote kuanzia Makoroboi hadi Igoma atakumalizia kwa dakika chache, na ataifanya safi kuliko wewe. Risasi ndogo za kuzamishia nyavu ziko Kirumba, na kazi yake tutaiona mbele.

Kopo kuu lifunguliwe kwa kifungulio kinachoacha ukingo laini, na kitako cha kiwandani kibaki kama kilivyo, kwa kuwa ndicho kitakachokaa motoni. Usilehemu chochote karibu na hapo: risasi ya kawaida ya kulehemu huyeyuka kwenye nyuzi joto 183, na kitako kitapita hapo bila shida. Makopo mengi yana rangi au utando mweupe ndani. Lichome kopo tupu nje kwa dakika kumi hivi, kisha lisugue kwa msasa. Ukiruka hatua hii, utando utaungua siku ya kwanza injini ikiwa imeshafungwa, na moshi wake utaganda kama gundi kwenye fito ya kihamishi, yaani spoki inayokishika. Injini itazunguka vizuri saa ya kwanza, halafu itaanza kukwama, nawe utalaumu krenki.

Kihamishi kina vipimo visivyosameheka. Ndani ya kopo kuna kina cha milimita 105 hivi. Kihamishi kiwe na urefu wa milimita 70 na mwendo wa milimita 28. Zinabaki milimita saba, tatu na nusu juu na tatu na nusu chini, zisizoguswa. Kipenyo kiwe 68 au 69 kwa kopo lenye 72 ndani, yaani nafasi ya milimita moja na nusu hadi mbili pande zote. Nafasi ikizidi, hewa hupita pembeni bila kupitia kwenye nyuzi na kuokota joto. Ikipungua, stilwaya inasugua ukuta. Kunja stilwaya kwa upana wa milimita 70 kuzunguka spoki, ishindilie kwa wastani mpaka ifike kipenyo, ifunge kwa waya mwembamba sehemu mbili, na chini weka kisosi cha bati cha milimita 30 kinachoshikwa na nati ndogo ya spoki. Kisha ishike kwenye mwanga na ukate kwa mkasi kila uzi uliochomoza. Uzi mmoja tu ukigusa ukuta, utauhisi ukizungusha kwa mkono: mahali pamoja kila mzunguko pana mkwaruzo hafifu, kama mchanga.

Mfuniko ni bati bapa linalokalia ukingo wa kopo. Katikati yake inapita fito ya kihamishi kwenye bushi, na hapa ndipo injini nyingi hufia. Kata kipande cha antena chenye urefu wa milimita 20, kile ambacho spoki inaingia kwa kuteleza lakini haichezi. Urefu ndio unaozuia uvujaji: tundu lililotobolewa tu kwenye bati litavuja hata likiwa dogo vipi, ilhali mrija wa milimita 20 wenye tone la mafuta ya cherehani huziba vya kutosha. Lehemu bushi fito ikiwa ndani yake, kihamishi kikining'inia ndani ya kopo, mfuniko ukiwa mahali pake. Kabla risasi haijapoa, zungusha kopo taratibu na utazame nafasi ya pembeni. Bushi iliyoinama kidogo tu hapo juu hupeleka kihamishi ukutani huku chini. Mfuniko wenyewe ugandishwe kwa silikoni, usilehemiwe, maana utaufungua tu siku moja. Silikoni hiyo hukauka kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo huku kando ya Ziwa Victoria haichelewi, lakini bado ipe siku nzima. Gundi ya tyubu mbili ni nzuri kwa mbao na CD. Kwenye kopo hulainika mapema mno, iache.

Kwa kiwambo, kata kopo dogo ubakize kitako na ukuta wa milimita 12. Toboa kitako, lehemu mrija mfupi, na uunganishe na mrija mwingine uliolehemiwa kwenye mfuniko kwa mpira wa petroli usiozidi milimita 80. Mpira mrefu ni hewa inayokaa bure: inatanuliwa na kubanwa bila kupashwa wala kupoozwa. Tandika puto juu ya kopo dogo na ulifunge kwa uzi wa nailoni mizunguko kumi na zaidi. Lisivutwe kama ngozi ya ngoma. Likae limelegea kiasi cha kuinuka na kushuka milimita tano kila upande bila kunyooka. Katikati weka visahani viwili vya plastiki ya chupa vya kipenyo cha milimita 30, kimoja juu na kingine chini ya mpira, vibanwe kwa skrubu ndogo. Kingo zake zisugue kwa msasa mpaka ziwe butu, kwa sababu puto huchanika pale tu. Kwa vipimo hivi kiwambo kinachota sentimita za ujazo 12 au 13 kila mwendo, inatosha.

Kwa mpenda hesabu, Ivo Kolin wa Kroatia, aliyeonyesha mwaka 1983 injini inayozunguka kwa tofauti ndogo sana ya joto, anahusishwa na kanuni moja rahisi: gawanya tofauti ya joto kwa 1100, ongeza 1, na hapo una kikomo cha hewa kubanwa, yaani ujazo mkubwa kugawanywa kwa mdogo. Kwa tofauti ya nyuzi 200 ni 1.18. Injini yetu iko chini sana ya hapo, na ni makusudi. Anayeanza na kiwambo kikubwa ili apate nguvu nyingi hupata injini inayojifunga breki yenyewe, kwa kuwa moto hautoshi kuijaza.

Krenki inakunjwa kwenye spoki moja. Kunjo la kihamishi liwe na milimita 14 kutoka mhimili, la kiwambo milimita 5, na yapishane robo mzunguko, nyuzi 90. Mpangilio ni huu: kihamishi kikiwa juu kabisa, kiwambo kiwe nusu ya safari kikielekea nje. Ukiuona hivyo huku unazungusha kulia, injini itapenda kulia. Ukilazimisha kushoto itakushinda nguvu kidogo kila robo na kusimama. Kwa hiyo kabla ya kusema injini mbovu, isukume upande wa pili. Kupishana nyuzi 80 au 100 hakuui, 60 kunapunguza nguvu.

Mhimili ukalie matundu ya milimita 2.1 kwenye mabati mawili membamba yaliyosimamishwa juu ya mbao. Watu huweka mirija mirefu hapa, wakiiga bushi ya mfuniko. Kinyume chake ndicho sahihi: kwenye mfuniko tunataka kuziba, kwenye mhimili tunataka kugusana kudogo iwezekanavyo. Flaiwili, gurudumu linaloendeleza mzunguko, ni CD tatu zilizogandishwa pamoja, karibu gramu 47 zenye kipenyo cha milimita 120. CD moja ni nyepesi mno, na sita zitachosha mhimili wa spoki.

Kuunganisha fito ya kihamishi na krenki, baadhi hutumia mshipi wa nailoni. Unafanya kazi, na ni rahisi kurekebisha urefu, lakini mshipi huvuta tu, hausukumi. Kihamishi kinashuka kwa uzito wake. Kwa mwendo wa milimita 28, hata pasingekuwa na msuguano wowote, kikifika mizunguko 250 kwa dakika hakiwahi tena kudondoka, mshipi unalegea na injini inaanza kurukaruka. Ukitaka kasi zaidi tumia kiungo kigumu cha spoki, milimita 60 hadi 70, chenye kitanzi kila upande.

Kabla ya kuwasha chochote, pima mambo mawili. Kwanza, mhimili na flaiwili peke yake, bila kihamishi wala kiwambo: ukiipa msukumo wa kidole izunguke mara ishirini au zaidi. Ukiongeza kihamishi ifike mara tano au sita. Chini ya hapo, nyoosha mhimili kwa kuuviringisha juu ya kioo, na angalia bushi. Pili, kihamishi kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye krenki, kandamiza kiwambo kwa kidole na ukishikilie. Mpira unapaswa kukusukuma. Ukilegea ndani ya sekunde moja mbili, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na ukandamize tena. Povu litachemka panapovuja. Mara nyingi ni pale mrija ulipolehemiwa kwenye mfuniko, au chini ya uzi unaoshika puto, penye mkunjo. Bushi nayo itatoa povu dogo hata ikiwa nzima, hilo lisikutishe. Huo uvujaji mdogo unasaidia pia: hewa ikipashwa mara ya kwanza hutanuka sana, na kopo lililozibwa kabisa litalivimbisha puto na kuliacha limevimba. Kama bushi yako imebana kupita kiasi, legeza mpira wa petroli wakati wa kupasha, uurudishe baada ya dakika mbili.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na hufanywa kwa moto. Krenki bado haijaunganishwa. Maji yamo kwenye kopo la nje, mshumaa chini umewaka dakika mbili. Shika fito, inua kihamishi haraka: puto liinuke papo hapo. Kishushe: linywee papo hapo. Likifanya hivyo waziwazi, injini ni nzima, na chochote kitakachoisimamisha baadaye kiko kwenye krenki. Likipanda kwa uvivu, rudi kwenye povu la sabuni. Lisipotikisika kabisa na hakuna uvujaji, nafasi ya pembeni ni kubwa mno au stilwaya imeshindiliwa mpaka hewa haipenyi.

Maji si pambo. Kopo la nje lizunguke nusu ya juu ya kopo kuu, lizibwe chini kwa silikoni, maji yakome milimita tano chini ya ukingo. Bila maji, injini huzunguka dakika tatu nne kisha inapungua taratibu mpaka kufa, na moto ukiwa uleule. Hiyo ni dalili isiyochanganyika na nyingine: joto limepanda kwenye ukuta na juu hakuna ubaridi tena. Maji ya ziwa yakiwa kwenye nyuzi 25 hivi yanafaa kabisa. Yakianza kutoa mvuke, badilisha.

Moto wa koroboi ya mafuta ya taa hupaka masizi kwenye kitako, na masizi huzuia joto, kwa hiyo moto uleule unapungua nguvu kila dakika. Spiriti haina masizi, ila mwali wake hauonekani juani. Usiongeze spiriti taa ikiwaka au ikiwa bado moto. Ncha ya mwali iguse kitako, si zaidi. Mchana upepo wa ziwani unapoanza, ndani ya nyumba yenye dirisha wazi mwali unalala pembeni na injini inayumba. Zungushia bati lenye matundu chini.

Injini ikisimama kila mara mahali palepale, kihamishi kikiwa chini, hiyo ni uzito. Gandisha risasi ya nyavu kwenye CD, upande wa pili wa kunjo la kihamishi, uipunguze kwa kisu mpaka flaiwili isimame popote unapoiachia. Ikigonga tok tok, sikiliza sauti: nzito na ya bati ni kitako, nyepesi ni mfuniko. Badilisha urefu wa kiungo milimita moja moja. Ikizunguka vizuri lakini polepole, punguza mpira wa petroli, kisha tazama kama puto limekazwa mno.

Ikitulia, itakwenda mizunguko 150 hadi 250 kwa dakika, na utaihesabu kwa kurekodi video ya simu na kuirudisha polepole. Swali linalofuata kila mara ni kama itachaji simu. Haitachaji. Chaja ndogo ya simu inataka wati 5, na injini hii hata kwa hesabu ya matumaini haifikishi nusu wati. Tena ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kanieneo la karibu asilimia 88 ya ile ya pwani. Injini hiyohiyo ikipelekwa Tanga itapata nguvu kidogo zaidi bila kubadilishwa kitu.

Usipake mafuta ya aina yoyote kwenye puto, mpira utaoza ndani ya siku chache. Mafuta ni ya bushi na matundu ya mhimili tu, tone moja moja. Ukimaliza, mwaga maji na uache kihamishi kipoe kikiwa kimeinuliwa. Unyevu wa huku hukamata stilwaya haraka, na chembe za kutu zikipanda na fito zitaingia kwenye bushi. Ikikaa muda bila kutumika, fungua mfuniko, kung'uta kihamishi, pitisha spoki iliyozungushiwa pamba yenye spiriti ndani ya bushi, na uweke puto jipya.